Upanga Uliochelewa Kushuka

Mkikutana na kitabu cha zamani chenye jalada la kijani kilichokoza, msililambe. Najua hamna nia ya kulamba vitabu. Mimi pia sikuwa nayo, mpaka nilipoona wajalidi wazee, mafundi wa kushona vitabu, wakiitambua gundi kwa ncha ya ulimi: ya ngozi ina ladha ya mchuzi uliolala, ya unga wa ngano ina uchachu. Wiki yangu ya pili kazini nikataka nionekane nimeshaelewa, nikapitisha ulimi ukingoni mwa jalada la kijani. Don Eusebio akanikamata taya kama mtu anayemnyang'anya mbwa mfupa.

"Tema, Mombasa! Tema! Rangi hiyo ilichanganywa na sumu ya panya!"

Nikatema, nikasukutua, nikatema tena. Akaniletea bilauri ya maziwa.

"Maziwa yanaondoa sumu?"

"Hayaondoi kitu. Lakini mkeo akiniuliza, nitasema nilikupa kitu."

"Sina mke."

"Basi kunywa polepole."

Nawaandikia ninyi mlioniuliza kwenye harusi kule Irving, tukisubiri pilau, "Mzee, wewe ulikuwa ukiendesha teksi?" Niliendesha. Niliacha shule darasa la sita, Mombasa, kwa sababu nilitaka kujua kilichoko nyuma ya kila ukuta, na shule ilikuwa na kuta nyingi. Nimepika melini, nimebeba mizigo Dubai, nimeendesha lori kutoka Houston mpaka mgongo ukanikataa. Kazi iliyonishika miaka ishirini na miwili, mimi nisiyeshikika, ni kushona vitabu, katika karakana moja ya Grand Prairie, Texas, nyuma ya duka la matairi. Maktaba zilituletea vitabu vilivyoachana na migongo yao, nasi tukavipatanisha. Mengi ya kazi ile nayasimulia nikicheka. Liko moja ambalo sijalisimulia kabisa.

Don Eusebio ndiye aliyenifunza. "Don" kwao Mexico ni heshima, kama sisi tunavyosema Mzee Fulani. Alikuwa mfupi, kucha zake za manjano kwa gundi, na aliniita Mombasa kwa sababu jina langu lilimchosha. Tulisemezana kwa Kihispania chake na Kiingereza changu, vyote viwili vikichechemea. Alinifunza kwamba gundi ya unga iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa. Kwamba karatasi ina mkondo kama ubao, ukiikunja kinyume itakulipiza baada ya miaka kumi. Kwamba uzi uliopakwa nta husema: ukilia unapouvuta, umekaza mno, ukinyamaza kabisa, umelegeza.

Kubwa kuliko yote ni mpangilio. Kitabu cha kushonwa si rundo la kurasa mojamoja. Ni karatasi kubwa zilizochapwa, zikakunjwa, zikawa mafungu ya majani manane, kurasa kumi na sita kila fungu. Sisi tuliyaita mikunjo. Uzi wa zamani ukioza, mikunjo huachana, na mtu akiiangusha sakafuni huchanganyika. Kazi ya mjalidi kabla ya sindano ni kuhakikisha kila mkunjo umerudi zamu yake.

"Sindano haijui kusoma," alisema. "Ukiipa upuuzi, itashona upuuzi, na itaushona vizuri."

Wachapaji wa kale walitusaidia kidogo. Chini ya kila ukurasa waliweka neno la kwanza la ukurasa unaofuata, kwa hiyo hata lugha usiyoijua unaweza kuipanga kwa kulinganisha neno la chini na neno la juu. Namba za kurasa, usiziamini. Mchapaji akichoka aliandika mia na kumi mara mbili, kisha akaruka mpaka mia na kumi na tano kufidia.

Sasa, mtu wa darasa la sita aliingiaje kwenye tenzi za Ulaya za karne ya kumi na sita? Kwa mlango wa nyumbani. Siku moja nilikuwa napiga pasi kurasa za utenzi wa Kireno, nikaona jina la mji wangu. Mombasa, limeandikwa kwa tahajia ya ajabu, lakini ni lenyewe. Nikamtaka Don Eusebio anitafsirie, maana Kireno na Kihispania ni ndugu wanaogombana. Akasoma, akakohoa.

"Inasema ninyi ni watu wa hila."

"Nani kasema?"

"Mreno mmoja."

"Mwulize Mreno huyo alikuja kwetu kufanya nini na mizinga."

Tangu siku hiyo kila utenzi uliopita mezani niliutaka unieleze ulikotoka. Don Eusebio alikuwa na tenzi za Kihispania kichwani. Baba yake, mchapaji, alimkaririsha. Alizighani akipunguza ngozi kwa kisu. Mimi nilikulia chini ya sauti ya nyanya yangu akighani tenzi, kwa hiyo sikio langu likaanza kuhesabu kabla sijaliruhusu. Mizani kumi na moja kwa mshororo. Ubeti wa mishororo minane. Sita ya kwanza ina vina viwili vinavyopishana, kama watu wawili wanaopokezana ndoo. Miwili ya mwisho ina kina chake kipya, na inafunga mlango. Nikamwambia. Akanitazama kana kwamba paka amesema.

"Nani kakufundisha?"

"Nyanya yangu. Ila wake ulikuwa ubeti mfupi zaidi."

Alisisitiza kuwa ubeti ule ni wa Wahispania. Mimi nilishaona vitabu vya Kiitaliano vyenye umbo lilelile, vya zamani zaidi. Tukabishana wiki mbili. Kisha tukaletewa utenzi wa Kihispania uliovunjika mgongo, tukaloweka gundi ngumu ya mgongoni, na ndani yake tukakuta vipande vya karatasi iliyochapwa. Wajalidi wa kale hawakutupa kitu. Karatasi mbovu walizikata vipande kuimarishia migongo. Don Eusebio akakisogeza kipande dirishani. Kilikuwa Kiitaliano. Mishororo minane, sita ikipishana, miwili ikifunga.

Akacheka mpaka akashika jiliwa la kubania vitabu asianguke.

"Hata mgongo wetu ni wa Waitaliano!"

Hakuona aibu, na mimi nikamwambia haina haja. Watu wa pwani tulipokea visa vya vita kutoka Arabuni, tukavighani kwa vinanda vyetu, na hakuna mwanamwali wa Lamu atakayekuambia utenzi si wake. Ndivyo walivyofanya Wahispania. Kwa Waitaliano walichukua ubeti, bustani za uchawi, mabibi wanaokimbia msituni, na ile tabia mbaya ya kumwacha shujaa katikati ya hatari: mtunzi anakufikisha kwenye pigo, kisha anakuambia ngoja kwanza nikusimulie mwanamke mmoja kule pwani. Wao wakaongeza vya kwao. Watunzi wengine walikuwa askari kweli, wakatia matope, njaa, jina la mto na idadi ya maiti. "Nilikuwepo," walisema, na Mwitaliano aliyeketi ikulu hakuweza kusema hivyo. Kisha mataifa mengine yakachukua kwa wote wawili. Mwingereza mmoja akaongeza mshororo wa tisa, mrefu kuliko minane, kama mtu anayejenga kibaraza mbele ya nyumba ya kupanga.

Nayasema haya mjue kwamba niliyajua. Kujua kwangu ndiko kulikoponza watu.

Mwaka wa nane au wa tisa, Don Eusebio alianza kunipa karatasi za kazi nimsomee, eti Kiingereza changu ni bora. Hakikuwa bora. Sindano aliitunga kwa ulimi. Siku moja akinyoosha mkono kuchukua msharasi wa kutobolea akashika kisu, upande wa makali, na damu ikadondoka kwenye ngozi ya mbuzi ya mteja. Nikamfunga kidole. Akasema kwa sauti ya chini, "Macho yamekufa katikati. Naona pembeni tu. Nikikutazama usoni hakuna mtu. Nikitazama sikio lako, nakuona."

"Mwambie bosi. Atakupa kazi ya gundi."

"Kazi ya gundi ni ya saa chache, haina bima. Amparo anasafishwa damu mara tatu kwa wiki."

Bi Amparo, mke wake, figo zake zilikuwa zimekufa. Makaratasi yake ya uhamiaji hayakuwa kamili, serikali isingemhudumia. Bima ya kazi ya mumewe ndiyo iliyomlaza kwenye kiti cha kliniki na kumwondoa akiwa hai. Alikuwa akituletea tamale Ijumaa, unga wa mahindi wenye nyama ndani uliopikwa kwa mvuke, zangu amezitenga, za kuku. "Hizi hazina nguruwe, Mombasa, nimeapa kwa mama yangu." Mnaona basi. Don Eusebio akitoka mezani, Bi Amparo anatoka kwenye mashine.

Nikawa macho yake. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko macho ya wengi. Alichohitaji ni mtu wa kusoma. Kila kitabu kiliambatana na karatasi, na aliyekagua mpangilio alitia sahihi. Nilisoma, alisikiliza, aliweka rula chini ya mstari, akatia sahihi. Tulikwenda hivyo karibu miaka mitatu, na hakuna kitabu kilichorudi.

Kisha kikaja kitabu kimoja cha chuo, utenzi wa Kihispania wa vita, mikunjo yote imeachana na kuchanganyika ndani ya boksi. Mjalidi wa kale alikata kingo kwa pupa, yale maneno ya chini yakaenda na kisu. Namba zilikuwa za uongo tangu kiwandani. Mara nyingine niliwahi kujiokoa kwa vina: ubeti ukikatika katikati, ukurasa unaofuata lazima uumalizie. Lakini mchapaji huyu aliweka beti tatu kamili kila ukurasa, mlango umefungwa kila mahali. Ilibaki njia moja: kusoma kila kiungo kwa sauti, mwisho wa mkunjo na mwanzo wa unaofuata, Don Eusebio asikilize kama kisa kinaungana.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Rafiki yangu wa Sharpstown alikuwa na shughuli jioni ile kule Houston, na miguu yangu ilishaanza safari. Mnaonijua mnajua ugonjwa wangu. Nikishaamua kuondoka, mwili unabaki kwa adabu tu. Tulipofika mkunjo wa kumi na saba, kliniki ikapiga simu. Don Eusebio akatoka nje kuisikiliza. Nikaendelea peke yangu. Mwisho wa mkunjo ule shujaa ameinua upanga kwa mikono miwili juu ya kichwa cha adui. Mkunjo niliokuwa nimeuweka baada yake ulianza na mwanamke ndani ya mashua, analia.

Nikatabasamu. Ah, nikasema moyoni, ile tabia ya Kiitaliano. Mhispania naye kaiga. Nikajiona msomi. Nikaisukuma mikunjo iliyobaki kwa kidole gumba, nikiangalia tu kwamba juu ni juu na chini ni chini.

Don Eusebio akarudi, uso umempauka. Bi Amparo alikuwa amezimia kwenye kiti, wamemwamsha.

"Umemaliza?"

"Yote sawa."

"Umesoma, au umetazama?"

"Nimesoma."

Akaweka kiganja juu ya rundo, kama anayebariki mtoto. Akaomba rula. Akatia sahihi.

Tulikishona, tukakivisha ngozi, kikatoka kizuri. Miezi minne baadaye mwalimu mmoja wa chuo alikileta mwenyewe. Mwanamke mpole, Kihispania chake safi. Bosi, Mista Dale, akamwita Don Eusebio katikati ya karakana. Kiyoyozi kilikuwa kimeharibika, milango wazi, kila mtu anasikia.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Mikunjo miwili imebadilishana nafasi."

"Haiwezekani, bwana."

Mwalimu akafungua kitabu, akakiweka mbele yake. "Huu ndio ukurasa unaofuata baada ya upanga kuinuliwa. Tafadhali, nisomee ubeti wa kwanza."

Don Eusebio akainama. Akageuza kichwa kama kuku, jicho la kushoto, la kulia. Kisha akanyooka, akaghani. Kwa sauti ya baba yake, nadhani. Upanga ukashuka, kofia ya chuma ikafunguka kama komamanga, farasi akapiga magoti kabla ya bwana wake. Mishororo minane, hakukosea hata mizani moja. Hata mtu wa duka la matairi alisimama mlangoni.

Mwalimu akaufuata ukurasa kwa kidole. Kisha akasema, bila ukali, "Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini sicho kilichoandikwa hapa. Hapa pana mwanamke ndani ya mashua."

Mista Dale akainua mkono wake hewani. "Eusebio. Vidole vingapi?"

"Vya kutosha, bwana."

Hakuna aliyecheka.

Nilisimama hatua mbili kutoka kwao, brashi mkononi, gundi inadondokea kiatu. Nilijiambia nikisema "ni mimi niliyesoma," wataniuliza kwa nini ulisoma wewe, na siri ya macho yake itatoka. Hiyo ilikuwa hoja nzuri mpaka vile vidole vilipoinuliwa. Baada ya hapo siri ilikuwa imeshatoka, kilichobaki ni kosa, na kosa lilikuwa langu. Mista Dale alimheshimu mzee; huenda angempa miezi, huenda angempa hata kazi ya gundi na bima yake. Kwa kipofu aliyeharibu kitabu hakuwa na la kumpa. Nilifungua kinywa, nikavuta hewa, nikakifunga.

Don Eusebio akageuka. Hakunitazama usoni. Alinitazama sikioni.

Jumatatu Mista Dale alinipa meza ya Don Eusebio, na nikaikalia. Mpini wa msharasi ulikuwa na shimo la kidole gumba cha mtu mwingine. Ilichukua mwaka kidole changu kuzoea.

Don Eusebio, sasa hana kazi wala bima, alihamia na mkewe Houston kwa binti yao, jengo la apatimenti karibu na Sharpstown. Kule Bi Amparo hakuwa na kiti cha kliniki. Alikwenda chumba cha dharura, na walimsafisha damu pale tu hali ilipokuwa mbaya kiasi cha kufa. Ikiwa haijafika hapo, walimrudisha nyumbani akasubiri ifike. Alisubiri hivyo mara nyingi. Ramadhani ya pili haikumkuta.

Nilikwenda kumpa pole mzee. Nilikaa muda ndani ya gari kabla ya kupanda ngazi. Sasa alikuwa haoni hata pembeni. Alipika kahawa kwa kupapasa, hakumwaga tone.

"Bado unashona, Mombasa?"

"Bado."

"Meza ipi?"

"Yangu ileile."

Akaitikia kwa kichwa. Akafungua droo, akanipa nakala ya bei rahisi ya utenzi uleule. "Nisomee. Binti yangu anasoma kama anayesoma bili." Akanitajia pa kuanzia. Nikasoma. Kihispania changu kilikuwa kimekua. Nikafika kwa shujaa, mikono miwili, upanga juu.

"Ishia hapo," akasema.

Nikaishia. Akaweka mikono magotini, akageuza uso kwenye sauti yangu, akangoja. Nilisikia jokofu likinguruma, likanyamaza, likaanza tena. Alinipa muda wote ambao mtu anaweza kumpa mwenzake.

"Kahawa yako nzuri," nikasema.

"Asante, mwanangu," akasema. Hakuwa ameniita mwanangu hata siku moja. Alikufa kabla ya mvua za masika ya Texas, na mimi nilipata habari nikiwa tena njiani kwenda mahali.

Mikono yangu sasa inatetemeka, nimestaafu, nimehamia Sharpstown nami. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye maktaba iliyokinunua kitabu kile kutoka chuoni, nikakiomba. Kwenye meza ya mapokezi alikuwapo msichana wa Nairobi, mwanafunzi. Alisikia lafudhi yangu, akanisalimu kwa Kiswahili, akanivutia kiti. Kitabu hakikushonwa upya. Karatasi ile isingevumilia sindano mara ya tatu. Waliweka maelezo tu kwenye rekodi yake, yeyote anayekiomba anayaona: mikunjo miwili imebadilishana nafasi, kosa la mjalidi, na jina kamili la Don Eusebio.

Nikasoma. Kwa midomo, jani kwa jani. Katika nakala hii upanga unainuliwa, na unabaki juu kurasa kumi na sita, mwanamke analia mashuani, ndipo unashuka.

Nikamrudia msichana, nikamwambia jina lililoko kwenye rekodi si sahihi.

"Hii kitu ni ya kitambo, mzee," akasema. "Hakuna mtu ata-check."

"Najua."

Akanitazama, akavuta kibodi. Nikamtajia jina langu, herufi kwa herufi. Nyanya yangu alinifundisha kwamba mtunzi hujitaja mwisho wa utenzi na kuomba wanaojua wamsahihishe. Mimi nilichelewa mpaka wanaojua wakaisha.

"Na hapa wanataka maelezo. Niandike nini?"

"Andika: alitazama, hakusoma."

Akaandika. Kidole chake kikasimama juu ya kibodi.

"Na huyu Eusebio, nimtoe?"

"Mtoe."